Mzigo Ukae Nyongani: Kuchagua Shanta kwa Anayeanza Matembezi

Begi likiwekwa juu ya meza yangu, kitu cha kwanza ninachokitazama ni mkanda wa kiuno. Mwenye begi atakuwa ananionyesha palipochanika begani, anauliza bei, anauliza litakuwa tayari lini, na mimi nimeshaanza kusoma habari zake. Mkanda wa kiuno ukiwa bado mpya, bizimu yake haina hata mkwaruzo, ilhali mikanda ya mabega imechakaa, sponji imelala na uzi umefumuka, najua mwenyewe hutembea mzigo wote ukining'inia mabegani. Nikimuuliza, "Ukirudi nyumbani mabega hayakuumi?" hushangaa nimejuaje.

Mimi ni fundi wa mabegi hapa Ukunda, Pwani ya Kenya. Nilizaliwa Msambweni, nikajifunza cherehani kwa shangazi yangu, nikaanza na sare za shule na magauni. Kazi ya mabegi ilinivuta kwa sababu wenzangu waliikimbia: kitambaa kinene, sindano zinakatika, vidole vinachubuka. Zamani wateja wangu walikuwa wanafunzi na wasafiri. Siku hizi wameongezeka watu wa aina nyingine: walimu, wauguzi, makarani wa kaunti, wafanyakazi wa hoteli za Diani, vijana kwa watu wazima, ambao mwisho wa wiki hupanda Shimba Hills wakashuka kwa miguu hadi Maporomoko ya Sheldrick, au hufuata ufuo wa Diani mpaka mto Mwachema unapoingia baharini, penye msikiti wa kale wa Kongo. Kazi zikipungua nami hufuatana nao.

Wengi huanza na begi la shule la mtoto. Wakishaumia ndipo huja kuniuliza, "Fundi, ninunue begi gani?" Jibu langu halibadiliki: nunua linalokaa vizuri kwenye nyonga zako. Rangi, jina la kampuni na wingi wa mifuko ni mambo ya baadaye.

Kwa nini nyonga

Bega halikuumbwa kubeba mzigo unaoning'inia kwa saa nzima. Chini ya mtulinga hupita mishipa ya damu na ya fahamu inayoteremka mkononi, na ukanda mwembamba wenye mzigo ukiikandamiza, vidole huanza kufa ganzi. Shingo nayo hukaza, kichwa kinauma, mtu anaanza kutembea ameinamia mbele kuupigania mzigo unaomvuta nyuma. Nyonga ni mfupa mpana uliojengwa juu ya miguu. Mzigo ukikaa pale unateremka moja kwa moja kwenye mapaja, yenye misuli iliyo miongoni mwa mikubwa kabisa mwilini. Ndiyo maana shanta la safari ndefu lililokaa sawasawa huweka sehemu kubwa ya uzito, kama robo tatu hivi, kwenye mkanda wa kiuno. Kazi ya mikanda ya mabega ni kulizuia begi lisirudi nyuma.

Wasichana wa Pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba mzigo una pahali pake. Tumekua na ndoo kichwani, leso imeviringwa ikawa kata, mgongo umenyooka, mikono inapunga. Hata wataalamu wamelishughulikia jambo hili hapa kwetu Kenya. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, kuhusu wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye kipaji cha uso. Walitembea juu ya mashine huku pumzi zao zikipimwa. Ilionekana kwamba waliozoea waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanazotumia wakitembea mikono mitupu.

Hiyo si ruhusa ya kujitwisha ovyo. Wale wanawake wamebeba tangu utotoni na mwendo wao wenyewe umejifunza kazi hiyo. Karani aliyekaa kitini wiki nzima hana mwendo huo. Ninachokichukua mimi kama fundi ni kwamba mzigo unaokaa juu ya mifupa, karibu na mwili, usioyumba, humchosha mtu kidogo kuliko uzito ule ule ukining'inia.

Mashanta ya kisasa yalipata mkanda wa kiuno kwa njia hiyo hiyo ya kutafuta mifupa. Mwaka 1952, huko California, Marekani, seremala aitwaye Dick Kelty alianza kuuza mashanta yenye fremu ya alumini, mkewe Nena akiwa ndiye mshonaji, na kazi yao ndiyo iliyoueneza mkanda wa kiuno kwa watembezi. Mwaka 1967 ikaanzishwa JanSport mjini Seattle, na hilo "Jan" ni jina la Jan Lewis, binti aliyekuwa akishona mabegi yao ya mwanzo. Mabegi yenye jina hilo hunipitia mezani kila mara, na kila nikilifumua moja humkumbuka mshonaji mwenzangu.

Pima mgongo, usipime kimo

Watu wengi hununua begi kama wanunuavyo shati: mrefu achukue kubwa, mfupi achukue dogo. Begi halijali kimo chako. Linajali urefu wa mgongo kutoka shingoni hadi nyongani, na watu wa kimo kimoja wanaweza kuhitilafiana sana hapo.

Mwalimu mmoja wa Msambweni, kijana mrefu anayeinama kuingia kibandani kwangu, aliniletea shanta kubwa akitaka nipunguze mikanda kwa sababu "halitulii". Nikamwambia, "Mwalimu, simama wima kwanza." Nilimpima nikapata sentimita 43. Urefu wake wote ulikuwa miguuni. Alikuwa amefuatana na mwalimu mwenzake, mwanamume mfupi mwenye kifua kipana, naye nikampima kwa mzaha: 48. Lile shanta lilikuwa la yule mfupi, hapo hapo wakauziana, na mrefu akaenda kutafuta dogo zaidi.

Kipimo hiki hakihitaji fundi. Kinahitaji futi ya kitambaa na mtu wa kukusaidia. Inamisha kichwa mbele. Mwenzako apapase nyuma ya shingo mpaka aguse kinundu cha mfupa kilichojitokeza, pale shingo inapokutana na mabega. Hapo ndipo juu ya kipimo. Kisha weka mikono kiunoni, dole gumba nyuma na vidole vingine mbele, ukikandamiza mpaka uhisi ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga. Mwenzako avute mstari wa kuwazia kati ya madole gumba yako mawili. Mstari huo unapokata uti wa mgongo ndipo chini ya kipimo. Futi ifuate mgongo unavyopinda. Ukiinyoosha hewani utapata kipimo pungufu.

Kampuni nyingi hugawa hivi, kwa kukisia: chini ya sentimita 40 ni ndogo sana, 40 hadi 45 ni ndogo, 45 hadi 50 ni ya wastani, zaidi ya 50 ni kubwa. Mashanta mengine yana mgongo wa kurekebishwa, unaoteremshwa na kupandishwa kwa velkro au kwa ngazi ya mikanda. Hayo yanafaa familia au marafiki wanaoazimana. Begi dogo la siku moja aghalabu halina saizi za mgongo, kwa hiyo litazame likiwa mwilini: mikanda iteremke ikilalia mabega bila pengo, na kitako cha begi kiishie penye nyonga. Likikugonga makalio kila hatua, ni refu kwako au umelilegeza mno.

Lita ngapi zinatosha

Ukubwa wa shanta hupimwa kwa lita. Anayeanza hutamani kubwa, akisema afadhali nafasi ibaki. Haibaki. Begi kubwa hujazwa, na kila kilichotiwa "huenda nikakihitaji" utakipandisha kilima.

Zitazame safari zenyewe. Kushuka Maporomoko ya Sheldrick, ndani ya Hifadhi ya Shimba Hills iliyotangazwa mwaka 1968, ni kama kilomita mbili za kuteremka msituni ukiongozwa na askari wa wanyamapori, halafu kuzipanda zile zile kurudi, nao mteremko ni mkali. Maji yanaanguka kutoka zaidi ya mita 20, na wengi huoga chini yake, kwa hiyo utabeba nguo ya kubadilisha, leso, maji ya kunywa, chakula, koti la mvua na dawa za huduma ya kwanza. Lita 18 hadi 25 zinatosha. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio miongoni mwa makaya yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008, ni matembezi mafupi ya kivulini. Utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na begi la lita 15 lenye maji na kofia litakuwa limetosha kabisa. Daraja la mbao la akina mama wa Gazi ndani ya mikoko ni hivyo hivyo.

Ukianza kulala nje usiku mmoja na hema, ingia lita 35 hadi 50. Safari za siku kadhaa bila mpagazi zinataka lita 50 hadi 65. Wanaoota Vuria kule Taita, mita 2,208, au Point Lenana juu ya Mlima Kenya, mita 4,985, wakumbuke kwamba baridi ya huko inataka nguo nene zinazokula nafasi. Lakini ukienda na wapagazi, wewe utabeba begi la mchana tu, lita 25 hadi 35.

Uzito nao una kadiri yake. Kwa matembezi ya siku moja, mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Kwa safari za kulala nje, usivuke sehemu moja ya tano. Mtu wa kilo 60, basi, asizidishe kilo 6 kwa siku na kilo 12 kwa safari. Ukumbuke lita moja ya maji ni kilo moja, na shanta kubwa likiwa tupu linaweza kuwa na kilo mbili. Hata wapagazi wa Kilimanjaro, ambao hiyo ndiyo kazi yao, wamewekewa mpaka wa kilo 20 na kanuni za hifadhi.

Usilijaribu likiwa tupu

Begi tupu humkaa kila mtu. Muuzaji atalijaza karatasi lipendeze, utalivaa mbele ya kioo, utajiona mtembezi tayari. Lijaribu likiwa na uzito. Duka lisipokuwa na mawe ya kupimia, nunua duka la jirani pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili na maji ya lita moja: hizo kilo tano zitasema ukweli, na unga utaupika jioni.

Anza kwa kulegeza mikanda yote. Livae begi. Funga mkanda wa kiuno kabla ya kugusa kitu kingine, uupandishe mpaka katikati ya upana wake ilalie ukingo wa mfupa wa nyonga, kisha ukaze. Ukikaa tumboni utakubana pumzi. Ukishuka mapajani utakuzuia kuinua goti. Bizimu ikishafungwa, ncha za mkanda ziwe na nafasi ya kukazwa zaidi, maana ukitokwa jasho na kupungua tumbo utaukaza. Mkanda uliofika mwisho wake dukani ni mkubwa kwako.

Sasa vuta mikanda ya mabega, taratibu, mpaka iguse bega lote kutoka mbele hadi nyuma. Isibebe, iguse tu. Ingiza vidole viwili chini yake juu ya bega: vikipita kwa urahisi, ni sawa. Mashanta makubwa yana vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kurudi kwenye kichwa cha begi. Wengi hudhani ni mapambo. Kazi yake ni kuuvuta mzigo uje karibu na mwili. Vikae mshazari, nusu ya njia kati ya kulala na kusimama, na usivikaze mpaka mikanda ya mabega ikanyanyuka. Mwisho funga ukanda wa kifua, vidole viwili au vitatu chini ya mtulinga, ukiuacha ulegee kiasi cha kuvuta pumzi yote.

Halafu tembea. Usisimame mbele ya kioo. Zunguka duka, panda ngazi kama zipo, inama ufunge kamba ya kiatu, inua mikono, geuza kichwa kushoto na kulia. Likae mwilini robo saa nzima, kwa sababu maumivu ya begi baya hayaji dakika ya kwanza. Ukisikia linakuchoma sehemu moja, vidole vinawasha, begi linayumba kushoto na kulia au linakugonga kisogo ukitazama juu, livue. Usiambiwe "litazoea". Viatu vya ngozi huzoea, fremu haizoei.

Rafiki naye asikuchagulie. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na begi linalomstarehesha yeye halijui mgongo wako.

Neno kwa kina mama

Mashanta mengi yanayofika hapa yameshonwa kwa mgongo wa kiume. Wengi wetu tuna mgongo mfupi zaidi, mabega membamba na nyonga zilizopanuka kwa chini. Kwa hiyo mikanda iliyonyooka hutubana matiti au hutuchimba kwapani, na mkanda wa kiuno uliokatwa wima hugusa kwa chini tu, juu ukabaki wazi. Tafuta mikanda iliyopinda ikizunguka kifua na mkanda wa kiuno uliokatwa mshazari. Yapo mashanta yaliyoandikwa kuwa ya wanawake. Mwanamume mwembamba asione haya kuyajaribu, na mwanamke mwenye mgongo mrefu asijilazimishe kuyavaa.

Anayevaa hijabu aangalie jambo moja ambalo maduka hayalisemi: pini iliyofichwa begani. Ukanda ukiilalia, kwa saa moja ya kupanda kilima itakuwa imekuchoma. Ihamishe au tumia hijabu ya kuvaa bila pini. Na fundo la nywele likiwa kubwa kisogoni, lijaribu begi ukiwa umevaa vile vile utakavyotembea, maana kichwa cha shanta refu huligonga.

Mtumba mzuri na mtumba wa kukimbia

Shanta jipya la maana ni ghali, kwa hiyo wengi wetu tunakwenda soko la Kongowea, au tunangoja wachuuzi wafungue marobota hapa hapa Ukunda. Sioni ubaya. Nimeshika mitumba iliyoshonwa vizuri kuliko mabegi mengi mapya yanayoning'inizwa madukani. Lakini jicho halitoshi, tumia mikono.

Ligeuze ndani nje kwanza. Kitambaa cha mashanta mengi kimepakwa utando wa plastiki laini unaozuia maji, na utando huo ukikaa miaka kwenye joto na unyevu huoza. Ukipitisha kiganja ukahisi unanata, ukaona magamba meupe yanabanduka, ukanusa harufu ya kuchacha, rudisha. Hakuna fundi anayeuponya. Hilo ndilo gonjwa kubwa la mabegi ya Pwani, na muuzaji hulificha kwa kulijaza magazeti.

Pili, shika mahali mkanda wa bega unaposhonewa mgongoni, juu kabisa. Uvute kwa nguvu mbali na begi ukitazama mshono. Matundu ya sindano yakifunguka na kuwa marefu, kitambaa kimechoka, hata kama uzi bado umo. Uzi nitaushona upya. Kitambaa kilichochoka nikikishona kitachanika pembeni ya mshono wangu. Mshono mzuri pale una uzi ulioshonwa ukarudiwa mara nyingi mahali pamoja, mpaka ukawa mgumu chini ya kidole.

Tatu, kandamiza sponji kwa dole gumba. Inayorudi taratibu ni hai. Inayobaki na shimo imekufa, ingawa hiyo naweza kuifumua nikatia nyingine. Nne, kunja bizimu za plastiki kidogo: mstari mweupe ukijitokeza, itavunjika njiani. Tano, funga zipu yote halafu tazama nyuma ya kichwa chake. Ikiwa inafunguka yenyewe nyuma, mara nyingi meno hayana kosa, kichwa ndicho kilicholegea, na kukibadilisha ni kazi ndogo. Meno yakiwa yamekatika, hesabu bei ya zipu nzima. Zipu zenye herufi YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934, mara nyingi huniambia kwamba aliyelitengeneza begi hakubania.

Sita, tafuta fremu. Shanta la lita 40 kwenda juu kwa kawaida lina vyuma vyembamba vya alumini au ubao wa plastiki ndani ya mfuko wa mgongoni. Katika mitumba mara nyingi vimechomolewa, na mkanda wa kiuno umekatwa. Bila hivyo, ulichonunua ni gunia lenye mikanda. Vyuma vikiwepo lakini vimepinda, usijali: vinatolewa na kukunjwa vifuate mgongo wako.

Jua, chumvi na jasho

Vitabu vya nchi za baridi husifu mgongo wa wavu uliotanuliwa ili hewa ipite. Kwa joto letu ni raha kweli, shati halishikani na mgongo. Lakini wavu ule huusogeza mzigo nyuma, mbali na mwili. Kwa kilo nne tano za matembezi ya siku, uchukue. Kwa mzigo mzito, begi lililoshikana na mgongo ni bora, ukavumilia jasho.

Kuhusu kitambaa, tazama nambari yenye herufi D: 210D ni chepesi, 420D na 600D ni kinene. Kwa miiba ya vichaka vyetu, kitako cha begi kiwe kinene hata kama juu ni chepesi.

Jua la hapa huua nailoni na chumvi hula vichwa vya zipu. Ukitoka ufuoni, lisuuze kwa maji baridi, ulioshe kwa mkono na sabuni laini, uliangike kivulini mifuko ikiwa wazi. Usilitie mashine ya kufulia, usilianike juani kutwa, na usilifungie kabatini likiwa na unyevu. Kwa masika, begi kuandikwa kwamba halipitishi maji hakutoshi, kwa sababu maji huingia kwenye mishono. Mimi hushona vifuniko vya mvua kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika, na ukingoni nikatia lastiki. Ni kazi ya saa moja, na ule mwavuli ulikuwa unakwenda jaani.

Kupanga mzigo

Begi lililokukaa linaweza kuharibiwa na upangaji. Vyepesi na laini, kama nguo, viwe chini. Vizito, yaani maji ya akiba na chakula, vikae katikati, vimegusana na mgongo. Koti la mvua na dawa viwe juu, penye mkono. Kitu kizito kikiwekwa mfuko wa nje, begi zima linakuvuta nyuma hata kama kilo ni chache.

Mfuko wa pembeni wa chupa ujaribu ukiwa umelivaa begi: unaweza kuitoa chupa na kuirudisha bila kulivua? Na uwe mpana wa kuingia chupa ya kudumu, ya chuma au plastiki nene. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi, misitu na fuo zilizolindwa za Kenya, kwa hiyo ile chupa nyembamba ya dukani itakufanya ugombane na askari langoni, naye atakuwa na haki.

Halafu funga zipu. Kima, tumbili na nyani wa Diani na Shimba Hills wanajua ndizi inakaa mfuko gani. Aliyekwenda kuona palahala, mnyama ambaye katika Kenya nzima huishi porini Shimba Hills peke yake, asirudi na hadithi ya chakula kilichoibwa na kima.

Kama una pesa kidogo, anza na begi la lita 20 hadi 25 lenye mkanda wa kiuno wa kweli, wenye upana na sponji, hata liwe mtumba. Usikimbilie shanta la lita 60 kabla hujajua kama unapenda kulala nje. Bei na jina la kampuni havibebi mzigo. Mwili wako ndio unaobeba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kununua, nenda na futi na zile pakiti mbili za unga. Muuzaji akikukatalia kulijaribu likiwa na uzito, mwachie begi lake, nenda duka la pili.